Bibi Kitatufaa na Ndoo Tatu

Gari la taka la mtaani kwetu halina ratiba, lina tabia. Kwenye tangazo lililobandikwa kwa mtendaji ni Jumanne saa mbili asubuhi. Lenyewe linaweza kuja Jumanne kabla ya jogoo, una povu la dawa ya meno mdomoni, au likaja Alhamisi mchana mtaa mzima ukiwa msibani. Likifika barabarani linapiga honi mara tatu, na baada ya honi ya tatu muda uliobaki hautoshi hata kufunga mkanda wa suruali. Ukichelewa, taka ni zako mpaka wiki ijayo, na kwa jua la Mwanza kichwa cha sangara hakijui maana ya wiki ijayo.

Ndugu msomaji, kama unaishi tambarare utaniona nalalamika bure. Sisi tuko mlimani, juu ya mawe. Wageni hufika mjini hapa, wakapiga picha na Jiwe la Bismarck, wakasema yaani haya mawe ni kama yamepangwa kwa mkono. Sawa. Basi waje wateremshe kiroba cha taka kutoka mlangoni kwangu hadi barabarani: ngazi mia moja na kumi na nane, nimezihesabu, na sabini kati ya hizo si ngazi bali ni jiwe lililochoka kukanyagwa. Gari halipandi, mkokoteni haupandi. Bodaboda hupanda akiwa anakudai tu.

Utaniambia nichimbe shimo. Kule Magu marehemu baba mkwe alichimba lake nyuma ya nyumba, likajaa, akafukia, akapanda mgomba juu yake, na mgomba ukazaa mkungu wa kubebwa na watu wawili. Nami nilijaribu. Jembe lilitoa cheche, mpini ukaniachia lengelenge, na jirani akaniuliza kwa upole kama natafuta dhahabu. Nilipata shimo la kutosha kuzika kandambili moja.

Wapo wanaosubiri mvua. Wingu likijikunja upande wa ziwani, mtu anatoka na kiroba chake kama anayekwenda kumsalimia mgonjwa, anaukabidhi mfereji. Mfereji unaukabidhi Mto Mirongo, na Mirongo hauna pengine pa kwenda zaidi ya ziwani. Ziwa nalo halina choyo, linarudisha. Mwaka 2016 watafiti walichapisha habari kwamba walinunua sangara na sato sokoni hapa hapa Mwanza, wakawapasua, na kwa kila aina wakathibitisha vipande vya plastiki kwenye tumbo la samaki mmoja kati ya watano. Habari hiyo niliisoma kwa sauti mezani, siku ya sato wa nazi, nikijifanya baba mwenye elimu. Tulikuwa watu sita na sato watano. Kila mmoja akaanza kumkagua wa mwenzake.

Hapo ndipo balaa la ndoo lilipoanza, kwa sababu Sabina alikuwa akisikiliza.

Sabina ni binti yangu wa darasa la sita. Nyumbani tunamwita NEMC, kama lile Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, maana hukagua bila kutoa taarifa. Yumo kwenye klabu ya mazingira shuleni. Kesho yake alirudi na ndoo tatu za rangi alizoomba kwa fundi, akazipanga jikoni kama askari wa gwaride: ya kijani mabaki ya chakula, ya bluu plastiki na chupa, nyekundu mengineyo. Karatasi zikapewa boksi lake. Kisha akatusomea kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka taka zitenganishwe pale pale zinapozalishwa. Nikamwambia mwanangu, mimi na mama yako tumeoana miaka kumi na mitano na hatujawahi kutenganisha hata nguo za kufua. Hakucheka. Wakaguzi hawacheki.

Ukaguzi kaurithi. Mama yake, mke wangu mpenzi, kwa siri namwita Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Chenji ya mia mbili anaikumbuka kwa tarehe. Tena ana ugonjwa mmoja ambao naomba uushike akilini: hawezi kula kitu kilichofungwa kwenye karatasi bila kuisoma hiyo karatasi. Maandazi, vitumbua, karanga, chochote kile, anakikunjua, anatafuna, anasoma. Amewahi kujua matokeo ya mtihani wa shule ambako hatuna mtoto wala ndugu, na akawasikitikia waliofeli.

Wa tatu ni Masele, miaka mitano, jina la kazi Tingatinga. Kwake ndoo ya kijani ni ngoma, ya bluu ni gari, na nyekundu ni mahali pa kuficha kiatu kimoja cha dada wa kazi.

Halafu yuko mama mkwe.

Mama alikuja mwaka 2018 kutibiwa macho, kwa wiki mbili. Macho yalipona siku nyingi, sasa yanaona mpaka kifuniko cha soda kilichoanguka ng'ambo ya barabara. Ni mama mwema, Msukuma wa Magu, na ukimwamkia "Mwangaluka mayu" asubuhi anakuitikia kwa baraka za kutosha mpaka jioni. Ila hatupi kitu. Ukinyanyua kopo, dumu lililopasuka, mpini usio na jembe, anasema neno moja tu: "Kitatufaa." Moyoni namwita Bibi Kitatufaa. Moyoni tu, maana mkwe ni mkwe. Kitu cha mama mkwe sikigusi, kikinizuia njia nakizunguka. Sasa hivi nyumba yangu yote naizunguka.

Usidhani hana hoja. Siku niliyothubutu kumwambia, kwa heshima zote, "Mama, haya makopo ni taka," aliniketisha. Akaniuliza, "Baba, pale mjini Makoroboi panaitwaje?" Nikasema Makoroboi. "Kwa nini?" Nikanyamaza, maana kila mtu wa Mwanza anajua: mafundi walikaa pale wakigeuza makopo matupu kuwa vibatari, koroboi zenyewe. Mtaa mzima umepata jina kwa uchafu wa watu. Akaendelea, "Na mabondo je?" Hapo sikuwa na pa kukimbilia. Zamani mwaloni bondo la sangara lilikuwa la kutupa pamoja na matumbo. Siku hizi linasafirishwa hadi China, na kilo yake inaizidi mbali kilo ya samaki mwenyewe. Mapanki je, yale mafupa yanayobaki kiwandani baada ya minofu kwenda Ulaya? Nimekula sana mapanki nikiwa mwalimu mpya, na sikuyaita mabaki, niliyaita chakula cha jioni. "Mlitupa mabondo," akahitimisha Mama, "sasa mnataka kutupa kopo langu." Nikamwomba radhi kopo.

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, kila nyumba ilisalimisha ya kwake. Tukadhani tumemaliza, mpaka mke wangu alipogeuza godoro la mama yake (mimi godoro lile hata likiwaka moto nitamwita mtu). Chini yake kulikuwa na mifuko ya rambo imekunjwa pembetatu kama sambusa, mia mbili na ushee. Kukutwa nayo ilikuwa faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au jela siku zisizozidi saba. Usiku ule sikulala. Nilijiona mahakamani nikieleza kwamba mifuko si yangu ni ya mkwe, na hakimu akiniuliza mkwe analala kwa nani. Alfajiri niliipeleka kwa mtendaji nikiwa nimeivaa ndani ya koti, ikipiga kelele kila hatua kama mahindi ya kukaanga. Mama bado huiulizia.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi nao haukutusaidia. Utakumbuka mwaka 2015 Hayati Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru, na tarehe 9 Desemba nchi nzima ikashika fagio. Baadaye ikawa utaratibu wa kila mwezi. Wenzetu hutoka na reki, makoleo na mafagio. Mama hutoka na gunia tupu. Mtaa ukishakuwa safi, yeye hurudi na gunia limejaa. Mwanza imewahi kuongoza nchi kwa usafi miaka kadhaa mfululizo, nami nakuthibitishia kwamba sehemu ya siri hiyo iko nyuma ya choo changu.

Turudi kwenye ndoo. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri kiasi cha kunitia wasiwasi. NEMC aliandika daftari. Tingatinga alipigwa faini ya peremende. Hata mimi nilisimama na ganda la yai mkononi dakika nzima nikijiuliza yai ni chakula au ni mengineyo.

Jumanne ikafika, na gari, kwa miujiza, likaja Jumanne. Honi ya kwanza iliponikuta nimevaa taulo, nilishasema "leo nitakuwa raia mwema." Nikavaa, nikabeba ndoo mbili mikononi, ya tatu nikamtwisha NEMC, tukateremka. Mlima wote ulikuwa unateremka. Kama hujawahi kwenda kwenye gari la taka na majirani, hujui aibu. Taka ni mdaku. Aliyesema wiki nzima ana njaa, manyoya ya kuku yanachungulia kwenye kiroba chake. Mlokole wa nyumba ya juu, chupa zake zinagongana zikiimba pambio lisilo la kanisani. Wote tunatazama mbele, kila mmoja ameona.

Nikamfikia kijana aliyesimama juu ya gari. Nikampa ya kijani, nikamweleza kwa sauti ya ualimu, "Haya ni mabaki ya chakula." Akaimwaga. Nikampa ya bluu, "Hizi ni plastiki." Akaimwaga pale pale juu ya mabaki. Nyekundu ikafuata. Kisha akazichomeka ndoo moja ndani ya nyingine akanirudishia. NEMC akaanza kutetemeka mdomo. Kijana akamwonea huruma, akainama akamwambia, "Mdogo wangu, usilie. Gari ni moja."

Sikumlaumu na simlaumu. Yule kijana anasimama juu ya uvundo wa mtaa mzima, ana glovu ya mkono mmoja, na gari kweli ni moja. Tangu 2004 sheria imetenganisha taka, bodi la gari ndilo halijatenganishwa. Nilimshika mtoto mkono tukapanda ngazi zetu mia moja na kumi na nane bila neno.

Juu mlangoni alisimama Mama.

"Baba," akasema kwa upole ule unaoniogopesha, "ile ndoo ya kijani umeipeleka wapi?"

Ndugu yangu, ndoo ya kijani ndiyo pekee iliyokuwa na kifuniko kizuri. Na usiku uliotangulia Mama, akiogopa panya, alikuwa ameyahamishia mabaki yetu kwenye beseni, akaiosha ndoo, akaijaza michembe yake. Michembe ya Magu! Viazi alivyovimenya na kuvikata mwenyewe, akavianika juu ya mwamba siku kadhaa, ndoo nzima, vya kupika na karanga wageni wakija. Mimi nilikuwa nimeinyanyua gizani nikifurahi kwamba siku hiyo taka hazinuki. Wakati tunaongea, michembe ilikuwa njiani kwenda dampo la Buhongwa, imechanganyika na manyoya ya yule mwenye njaa.

Kumwaga chakula cha mkwe si kosa la kusema samahani ukapita. Nilikaa kwenye kigoda. Mke wangu alisimama katikati kama karani wa baraza. Mama hakugomba, angegomba ningepona. Alisema tu, "Basi, baba. Mlishazoea kutupa." Nikaona nife. Nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nakuna kichwa: "Mama, kuanzia leo ndani ya nyumba hii hakitupwi kitu bila ruhusa yako. Chochote unachoona kitakufaa, chukua."

NEMC akafuta machozi. Alikuwa ameshaona kwamba njia ya gari imeziba, na bibi yake ndiye kampuni. Wakaungana. Wiki hiyo hiyo chupa za plastiki zikaanza kulala kwenye viroba uani, zikimsubiri kijana apitaye na mizani akiita "chupaaa, vyuma chakavu, betri mbovu". Mabaki wakapewa nguruwe wa mlokole, aliyekubali haraka kwa sababu anajua tulichokiona. Makopo yakarudi kwenye ufalme wake nyuma ya choo. Kiroba cha gari kikapungua mpaka kikawa cha kubebwa na Tingatinga. Nilianza hata kujisifu kazini. Kumbe ilibaki idara moja: karatasi.

Sasa nikueleze jambo la siri, tukiwa wawili. Miaka kadhaa nyuma, salari slipu zikiwa bado za karatasi, kabla hatujaanza kuzifungua mtandaoni, nililipwa malimbikizo. Mwalimu mwenzangu unajua malimbikizo ni nini. Unapandishwa daraja, mshahara unabaki daraja la chini, unafuatilia mpaka unasahau, kisha mwezi mmoja fedha inaingia kwa mkupuo. Ilikuwa ya tarakimu saba. Mke wangu nilimwambia bado yanashughulikiwa.

Usinihukumu. Nilitaka kumshtukiza na maendeleo. Fedha niliiingiza kwenye mtumbwi wa dagaa, kwa ubia na rafiki yangu ambaye simtaji kwa sababu bado namtafuta. Dagaa, kama hujui, huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu, wavuvi hukaa ufukweni wakishona nyavu. Kwa hesabu za mwenzangu, mwaka ule Ziwa Victoria lilikuwa na mbalamwezi kila usiku. Slipu nilizificha ndani ya burungutu la mitihani ya zamani ya kidato cha pili, chini ya kitanda, mahali ambapo hata Mkaguzi hakuwahi kufika, maana nani asome mitihani ya kidato cha pili kwa hiari yake?

Bibi Kitatufaa alifika. Chini ya mamlaka niliyompa mwenyewe, mbele ya mashahidi, aliliburuta burungutu, akalipeleka stendi ya daladala kwa mama muuza karanga, wakabadilishana kwa vikombe viwili vya karanga mbichi. Nilirudi kazini nikakuta anazichambua kwa furaha. "Baba, nimepata karanga. Tukipata na michembe, mambo yatakuwa sawa." Nikacheka naye. Sikuuliza zimetoka wapi. Mwanamume aliyeshindwa mara moja hukosa udadisi.

Ijumaa jioni umeme ulikatika. Tulikaa barazani na taa ya chaji, ziwa kule chini limelala, taa za wavuvi zimewaka kwa mbali kama mji mwingine (hakukuwa na mbalamwezi, niliona, nikaumia). Mke wangu alikuwa amerudi kutoka mjini na vifurushi vitano vya karanga za kukaanga. Tukagawana. Akakunjua chake, akatafuna, akasogeza taa.

"Baba Sabina."

"Naam."

"Hapa kuna mwalimu kalipwa malimbikizo."

"Heri yake," nikasema, mdomo umejaa.

"Ana jina kama lako."

Karanga moja ilikwenda njia isiyo yake. Mama akanipigapiga mgongoni. NEMC akaisogelea taa asome vizuri, na Tingatinga, ambaye hajui kusoma, akauliza malimbikizo yanaliwa na nini. Mkaguzi alikuwa anainyoosha ile karatasi juu ya paja taratibu, kona kwa kona, yenye mafuta na chumvi, na kwa mwanga ule niliiona tarehe, niliuona mstari, niliziona tarakimu zote saba zimejipanga kama majirani kwenye gari la taka.

"Mama," akamwambia mama yake bila kunitazama, "hii karatasi usiitupe."

"Siitupi," akajibu Mama. "Itatufaa."

Imewafaa. Iko ndani ya Biblia ya mke wangu, na hutolewa kila ninapotaka kusema neno kuhusu matumizi. Mshahara sasa unapita kwake kwanza. Ada ya taka nalipa mimi, ya kwetu na ya mlokole kwa sababu ya nguruwe wake. Honi ikilia, wa kuteremka ni mimi peke yangu, iwe Jumanne au Alhamisi. Michembe mipya nimeifuata Magu kwa basi, ndoo mbili, moja ikiwa ya fidia.

Tatizo lililobaki ni hili. Burungutu lile lilikuwa na slipu kumi na nne, na baadhi zina makato ya mikopo ambayo sijapata nafasi ya kuieleza. Zilizopatikana mpaka leo ni mbili. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukishuka stendi ya chini ya mlima wetu ukanunua karanga za mia mbili, kabla hujatupa karatasi itazame. Ukiona jina la mwalimu na tarakimu, kula karanga zako kwa amani, karatasi niletee mimi, mkononi. Usimpe Bibi.